Mtambo wa koili ya induksheni wa kuchoma mvuke wa solventi: ni kweli, au nauziwa mbuzi kwenye gunia?

FundiWaShifti

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nipo kitengo cha matengenezo kwenye kiwanda cha vifungashio hapa Dar, pande za Chang'ombe. Tunachapa nailoni za biskuti, sabuni ya unga na majani ya chai. Mashine ni roto ya rangi nane, inachapa kwa silinda zilizochongwa. Kila rangi ina kikaushio chake, na hewa yote ya vikaushio inanyonywa na feni moja kubwa kwenda kwenye chimni juu ya paa. Solventi zetu, yaani vimiminika vya kuyeyushia wino, ni etili aseteti kwa wingi, toluini kidogo, na IPA (alkoholi ya isopropili). Majirani wamelalamikia harufu, wakaguzi wa mazingira wamekuja na kanuni za hewa za mwaka 2007 mkononi, na mkurugenzi kanikabidhi mimi jambo hili kana kwamba ndiye niliyenunua mashine.

Tuna kotesheni mbili mezani. Ya kwanza ni tanuru la kawaida la kuchoma hewa kwa dizeli, nyuzi 800. Ya pili ni mtambo wa umeme: kichocheo (kitu kinachosaidia solventi kuungua kwa joto dogo) kimewekwa ndani ya koili ya induksheni, kinafanya kazi kwenye nyuzi 300 tu. Muuzaji wa pili anaongea vizuri sana. Anasema "hatupashi hewa, tunapasha kichocheo peke yake, ndiyo maana nishati inapungua kwa asilimia 90". Bosi ameshaipenda.

Vipimo tulivyofanyiwa: hewa mita za ujazo 10,000 kwa saa (wamezigeuza kuwa za nyuzi sifuri), inatoka na joto la nyuzi 50, solventi wastani wa gramu 2 kwa kila mita ya ujazo. Transfoma yetu ni ya kVA 500 na mchana haina nafasi kubwa.

Je, hiyo habari ya kutopasha hewa inawezekana? Kuna aliyewahi kuufunga mtambo wa namna hii? Nawasilisha.

Kibatari

Mkuu ongeza chimni mita kumi, harufu ipae iende zake Kigamboni. Kesi imeisha.

MzeeWaKoili

Marahaba FundiWaShifti. Kibatari, Kigamboni nako kuna watu.

Mimi koili nazijua kutoka kwenye tanuru za kuyeyushia vyuma chakavu, zile za kutengenezea nondo. Baadaye nikahamia kazi za hewa chafu za viwandani, kwa hiyo hapa umenigusa pande zote mbili. Nitakujibu kwa hesabu, maana muuzaji mwenye maneno matamu hujibiwa kwa hesabu.

Kwanza, induksheni si uongo. Unapitisha umeme wa kubadilika-badilika kwenye koili ya shaba, unazuka uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, na chuma kilicho ndani ya koili kinazalisha mikondo yake chenyewe na kupata moto. Koili haijagusa chuma, hakuna moto, hakuna moshi. Faraday alilionyesha jambo hili 1831. Kichocheo nacho si uongo: platini au paladi ikipakwa kwenye alumina, solventi inaungua kwenye nyuzi 250 hadi 400 badala ya 800.

Uongo upo kwenye sentensi moja, "hatupashi hewa". Hewa yako inapita ndani ya vijitundu vyembamba vya kichocheo. Vimetengenezwa vyembamba makusudi ili kila chembe ya hewa iguse ukuta. Sasa hewa iguse ukuta wenye nyuzi 300, itoke upande wa pili ikiwa bado na nyuzi 50? Haiwezekani. Itatoka na 300 au karibu yake. Ni kama ile hita ya kuogea ya bombani: waya ndio unaopata moto, lakini kinachokula umeme wako ni maji yanayopita.

Twende kwenye namba. Kupandisha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli kama 1.3. Kwa mita 10,000 kwa saa, kila nyuzi moja inakugharimu kilowati 3.6. Kutoka 50 kwenda 300 ni nyuzi 250, yaani kilowati 900. Transfoma yako yote haitoshi hata ukizima kiwanda kizima.

Kinachookoa hapo ni kibadilisha joto, yaani hewa moto inayotoka iipe joto hewa baridi inayoingia. Kikirudisha asilimia 70, unabaki na pengo la nyuzi 75, ambazo ni kilowati 270. Halafu solventi yenyewe ni mafuta, tusisahau. Mchanganyiko wako una kilojuli kama 24 kwa gramu, kwa hiyo gramu 2 zinapandisha hewa nyuzi kama 37, na hiyo ni kilowati 133 za bure. Pengo lako linashuka hadi karibu kilowati 140. Ongeza upotevu wa inverta (kifaa kinachobadilisha masafa ya umeme) na koili, kwenye mita utasoma 160 hivi, na kwenye ankara utakuta na malipo ya kVA.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: weka kibadilisha joto cha asilimia 85. Pengo linakuwa nyuzi 37 na nusu. Solventi inakupa 37. Mtambo unajiendesha wenyewe, koili inabaki ya kuwashia asubuhi na kusaidia hewa inapokuwa na solventi kidogo. Muulize muuzaji kibadilisha joto chake ni cha asilimia ngapi. Kama hakimo kwenye kotesheni, au kimeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa, umeshajua.

Na kotesheni ya kwanza usiipitishe hivi hivi. Kupandisha hewa hiyo kutoka 50 hadi 800 bila kurudisha joto ni kilowati 2,700. Lita moja ya dizeli ina kilowati-saa kama 10. Hata ukitoa joto la solventi, unachoma zaidi ya lita 250 kila saa. Mkurugenzi ataifunga mwenyewe kabla ya wiki kuisha. Ila kuna aina nyingine ya tanuru, ya vitanda vya seramiki vinavyopokezana joto, inarudisha hadi asilimia 95. Hiyo kwa gramu zako 2 nayo inakaribia kujiendesha yenyewe. Kwa hiyo anayekuambia induksheni inashinda kila kitu kwa asilimia 90 muulize, inashinda nini hasa? Ile tanuru ya dizeli ya kikale, sawa. Hii ya seramiki, hapana.

Mchapaji_IndustrialArea

Niko Nairobi, na sisi tuko na hiyo ya vitanda vya seramiki. Mzee anasema ukweli, ikishashika moto na mashine zote zinachapa, gesi haiendi kabisa. Shida ni Jumatatu. Ile seramiki ni tani kadhaa, imepoa wikendi nzima, inabidi uanze kuipasha na LPG alfajiri ndio saa mbili watu wachape. Na kazi zetu ni fupi fupi: unachapa saa tatu, unabadilisha silinda saa moja na nusu, hapo solventi imepungua na bana, kile kichomea gesi, inawaka tena. Sisi gesi yetu nyingi inaishia kwa kungoja, si kwa kuchapa.

MzeeWaKoili

Ahsante sana kaka wa Nairobi, umenipunguzia maandishi.

Hapo ndipo induksheni ina haki yake. Faida yake ni muda. Karatasi ya chuma ya kichocheo ina unene wa sehemu ndogo sana ya milimita, uzito wake wote ni mdogo, na joto linazaliwa ndani ya chuma chenyewe. Inafika kwenye joto la kazi kwa dakika, wakati seramiki inadai saa nyingi. Ukibadilisha silinda unazima, ukianza kuchapa unawasha. Kiwanda kinachochapa usiku na mchana bila kusimama hakihitaji koili. Kiwanda cha shifti moja au mbili chenye kazi fupi fupi, hapo tuongee.

FundiWaShifti, hujatuambia mnachapaje. Na kabla hujanunua chochote, panda juu ukaangalie dampa za vikaushio, vile vilango vya kupunguza na kuongeza hewa. Viwanda vingi nilivyoingia dampa zimefunguliwa zote tangu mashine ilipofungwa, hakuna aliyewahi kuzigusa. Ukiirudisha sehemu ya hewa ya kikaushio izunguke tena, solventi inabaki kilo zile zile 20 kwa saa lakini hewa inapungua. Tuseme ishuke hadi 6,000. Sasa una gramu 3.3 kwa mita, zinapandisha joto nyuzi kama 61. Kwa kibadilisha joto kile kile cha asilimia 70 pengo lilikuwa 75, unabaki na nyuzi 14 tu, na kila nyuzi sasa ni kilowati 2.2. Kutoka kilowati 140 umefika 30. Hujanunua koili wala kichocheo, umegeuza dampa.

Ila usizigeuze kwa macho. Kila kikaushio kiwe na kihisi cha mvuke, na usivuke robo ya kiwango ambacho mvuke unaanza kulipuka, kile wanachoita LEL. Toluini inaanza kwenye asilimia 1 na kitu ya hewa, etili aseteti kama asilimia 2. Wastani wa chimni unaweza kuwa salama huku kikaushio kimoja kilichobeba rangi nyeupe ya kufunika nailoni nzima kiko pabaya.

DadaMaabara

Naongezea upande wa kemia maana wakaka mmekaa kwenye kilowati tu.

Usikubali neno "nyuzi 300" bila kuuliza ni kwa solventi gani. Toluini kwenye platini inaungua kirahisi kabisa. Etili aseteti, ingawa kwa harufu inaonekana laini, ndiyo ngumu zaidi, na wewe ndiyo unayo kwa wingi. Kichocheo kikiwa na joto pungufu haiungui yote, inakatikia njiani na kutoa asetaldehidi na asidi ya siki. Asetaldehidi inanuka kwa kiasi kidogo mno, na inachoma macho. Yaani unaweza kufunga mtambo, kipimo kikaonyesha solventi imepungua kwa asilimia 90, na majirani wakaja wamekasirika kuliko mwanzo. Nimeona ripoti ya namna hiyo: kwenye karatasi safi, getini watu.

Kwa hiyo mkataba useme kipimo cha mwisho kitahesabu na asetaldehidi, kikichukuliwa mashine ikiwa kwenye kazi halisi, na si kwenye ile siku waliyoandaa wao.

La pili, sumu za kichocheo. Kwenu nina wasiwasi na silikoni. Wachapaji wana kopo la sprei ya silikoni karibu na kila rola, wanapuliza nailoni isigande. Baadhi ya wino una dawa ya kuzuia povu yenye silikoni pia. Ikifika kwenye kichocheo inaungua na kuacha unga mweupe wa silika juu ya platini, na unga huo hautoki kwa kuosha. Salfa angalau mara nyingine unaifukuza kwa joto. Silikoni ikishakaa imekaa. Muuzaji atasema dhamana imevunjika, na kwa hilo atakuwa na haki.

FundiWaShifti

Jamani nashukuru, nimerudi na majibu.

Tunachapa shifti mbili, Jumapili tunafunga. Kazi nyingi ni ndogo ndogo, silinda tunabadilisha kila siku, mara nyingine zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tuko kama huyo ndugu wa Nairobi.

Dampa nimepanda kuziona. Mzee, zimekula kutu zikiwa wazi! Lakini nimegundua kingine. Kazi zetu nyingi ni za rangi tano, na zile rangi tatu zisizofanya kazi vikaushio vyake vinaendelea kunyonya hewa tupu kama kawaida. Tumeziba hizo tatu kwa bati kwa majaribio, feni tumeipunguza mwendo kwa inverta yake, hewa imeshuka hadi kama 6,500. Vile vitano vinavyochapa sijavigusa mpaka vihisi vifike.

Sprei ya silikoni: DadaMaabara, ni kweli, nimekusanya makopo mpaka mengine yalikuwa kwenye droo ya msimamizi. Wachapaji wamenuna.

Muuzaji wa koili nimemuuliza kibadilisha joto. Akasema "kipo". Asilimia ngapi? "Ni cha kisasa." Kaniletea kipande cha sampuli ya kichocheo chake, kama sega la nyuki lililokauka hivi, la kijivu. Nifanye nini nacho?

MzeeWaKoili

Chukua sumaku ya spika mbovu, iguse hiyo sampuli. Ikinata, ni aloi ya chuma, kromu na alumini, ile inayotumika hata kwenye vichujio vya moshi vya magari. Hiyo inakubali induksheni vizuri, na sifa yake ya sumaku inapotea kwenye nyuzi kama 600, hivyo juu ya hapo inaanza kukataa joto la koili yenyewe. Isiponata, ukagonga kwa kucha ikalia kama kigae, hiyo ni seramiki tupu. Seramiki haipati moto ndani ya koili hata ukiiweka mpaka kesho, labda wawe wamechomeka nyaya au pini za chuma ndani ya vijitundu vyake. Kuna wanaofanya hivyo na inafanya kazi, ila waonyeshe.

Ikiwa ni ya chuma, swali la pili ni joto la katikati. Induksheni inapenda ngozi ya nje. Karatasi za chuma zikiwa zimeunganishwa kwa kulehemu, mkondo unazunguka pembeni na kuacha moyo wa kichocheo na joto pungufu. Hewa nayo haina aibu, inapita popote palipo wazi, ile ya katikati inatoka haijaungua na hapo ndipo asetaldehidi ya DadaMaabara inapozaliwa. Dai vipimajoto vitatu ndani ya kichocheo: ukingoni, nusu ya njia na katikati kabisa. Kimoja tu kwenye bomba la kutokea hakitoshi. Na viwe vya namna isiyodanganywa na uga wa koili, maana kipimajoto cha waya kikikaa ndani ya koili nacho kinapata moto chenyewe na kukupa namba ya uongo.

Tatu, maji. Koili ni bomba la shaba na ndani yake yanapita maji ya kupoza. Hapo Dar ukitumia maji ya kisima, chokaa inaganda ndani, koili inatoboka. Kwenye tanuru za nondo maji yakigusa chuma kilichoyeyuka ni mlipuko, kwa hiyo tulifundishwa kuyaogopa. Kwako halitakuwa janga la namna hiyo, lakini koili ya kuagiza nje ikitoboka utakaa bila mtambo kwa muda mrefu. Dai mzunguko uliofungwa wa maji yaliyotolewa madini, na koili ya akiba iwe ndani ya bei.

Na joto la kupita kiasi: ukizima koili, solventi inaendelea kuungua. Mchapaji akimwaga ndoo ya kuoshea silinda karibu na kinyonyeo, gramu zinapanda ghafla na kichocheo kinapanda nacho, koili ikiwa imezimwa. Kwa hiyo pawe na dampa ya hewa safi inayofunguka yenyewe.

Mchapaji_IndustrialArea

Mzee, na ile ya kunyonya kwanza halafu kuchoma baadaye? Kuna mtu alituletea brosha.

MzeeWaKoili

Hapo ndipo lile neno la "hatupashi hewa" linapata ukweli kidogo, na ningekuwa muuzaji ningeanzia hapo.

Unaweka zeolaiti (madini yenye vijitundu vinavyonasa mvuke) pamoja na kichocheo kwenye kitanda kimoja. Mchana hewa inapita ikiwa baridi, zeolaiti inashika solventi. Ikikaribia kujaa unafunga hewa kubwa, unaacha upenyo mdogo tu, halafu unawasha koili. Solventi inatoka taratibu na kuungua pale pale. Hewa unayopasha ni sehemu ndogo sana ya ile iliyosafishwa, na kwa sababu koili inaleta joto ndani ya kitanda bila kuhitaji hewa ya kulibeba, induksheni hapa haina mpinzani wa maana.

Lakini si kwa roto ya kilo 20 kwa saa. Kitanda kitajaa haraka, na ukikichoma kikiwa kimejaa solventi nyingi kinaweza kukukimbia kwa joto. Mahali pake ni chumba cha kuchanganyia wino: hewa nyingi, solventi chache, harufu ya siku nzima. Kwa Dar muulize zeolaiti ni ya aina isiyopenda maji, maana unyevu wetu utaijaza kabla ya solventi. Na usikubali wakubadilishie na kaboni kwa sababu ni rahisi. Kaboni na solventi za jamii ya MEK, yaani ketoni, zimeshawasha moto viwanda vya watu.

FundiWaShifti, kwa hewa yako mpya ya 6,500, shifti mbili na silinda kila siku, mimi ningechukua ya koili, lakini kwa kibadilisha joto cha asilimia 80 kwenda juu kilichoandikwa kwenye mkataba, na inverta ya kilowati 60 hadi 80, si ile kubwa anayotaka kukuuzia. Akikataa kuandika, chukua ya seramiki na mvumilie Jumatatu.

FundiWaShifti

Sumaku imenata. Asilimia ya kibadilisha joto amekuja kuniambia ni 65, "lakini tunaweza kuboresha". Nimemwambia aboreshe kwenye karatasi kwanza.

Swali langu la mwisho mzee: umeme ukikatika katikati ya kuchapa?

MzeeWaKoili

Mashine isimame yenyewe, hapo hapo, isingoje mtu. Feni ya kunyonya iwe kwenye jenereta pamoja na vihisi vya mvuke, ili vikaushio vipigwe hewa mpaka viwe safi. Koili isiwe kwenye jenereta, utaiua jenereta bure. Umeme ukirudi, roto isikubali kuwaka mpaka vipimajoto vyote vitatu vya kichocheo vifike kwenye joto la kazi, na waya wa kizuizi hicho upite kwenye bodi ya mashine yenyewe. Ukiuacha kwenye swichi ya ofisini, utakuta msimamizi wa shifti ya usiku ameuruka kwa kipande cha waya.